Kwa Nini Mlango Hukwama Mvua Ikianza

Kwenye mteremko wa Manga, pale Kisii inapopakana na Nyamira, mlango uliofungwa kwa kidole mwezi Februari husukumwa kwa bega mwezi Mei. Fundi huitwa, akapiga randa ukingoni, mlango ukafunga vizuri. Kiangazi kikirudi, panabaki mwanya wa kupitisha upepo na panya. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi naye huilaumu mbao. Mbao haina kosa. Inafanya kazi yake ya siku zote, kunywa maji na kuyatoa.

Tuanze na mti wenyewe. Ubao umejaa seli nyembamba zilizolala kufuata urefu wa shina, kama fungu la mirija ya busaa iliyokazwa kwa kamba. Maji hukaa mahali pawili: katika uwazi wa mrija na ndani ya kuta zake. Mti ukishakatwa, maji ya kwenye uwazi hutoka kwanza, na ubao hupungua uzito tu. Unyevu unapofika takriban asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, maji ya kwenye kuta nayo huanza kutoka. Hapo ndipo ubao husinyaa.

Kuta hizo zimejengwa kwa nyuzi za selulosi, nazo pia zimelala karibu sawa na urefu wa shina. Maji yakipenya kati ya uzi na uzi huzitenganisha kwa ubavu, lakini hayawezi kuzirefusha. Ndiyo sababu ubao hunenepa bila kurefuka. Na haunenepi sawa: kwa kufuata mviringo wa pete za mti hutanuka takriban mara mbili ya unavyotanuka kutoka kiini kwenda gome. Ubao uliopasuliwa pembeni mwa gogo hujikunja kwa sababu hiyo.

Sasa tupige hesabu. Chukua mlango wa mbao zilizosimamishwa wima, upana wake sentimita 75. Nyanda hizi hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, basi tuseme unyevu wa mbao umepanda kutoka asilimia 11 hadi 15. Kila asilimia moja ya unyevu huongeza upana kwa kama robo ya asilimia. Nne zikikusanyika ni asilimia nzima, yaani milimita saba na nusu. Fundi alikuwa ameacha nafasi ya milimita tatu! Kimo cha mita mbili, katika muda huohuo, hakitaongezeka hata milimita moja.

Mlango wa fremu na paneli ulibuniwa kukwepa balaa hilo. Mbao zake mbili za wima, tuseme za sentimita 10 kila moja, ndizo pekee zinazoongeza upana wa mlango: milimita mbili kwa jumla. Zile za kulala haziongezi kitu kwa kuwa urefu wao ndio upana wa mlango. Paneli ya katikati hukaa ndani ya mfuo bila gundi wala msumari, ipumue itakavyo. Fundi anayeipigilia misumari paneli hiyo “iwe imara” anainunulia ufa.

Kabla ya kushika randa, paka chaki ukingo wote wa mlango, ufunge, kisha ufungue. Chaki ikifutika upande mzima wa kitasa, mbao imevimba. Ikifutika kwenye pembe ya juu tu, huenda bawaba ya juu imelegea. Toa skrubu zake, weka ndefu zaidi, na randa ibaki sandukuni.

Kama imevimba kweli na mlango bado unafungika kwa nguvu, vumilia hadi kiangazi. Hapo urande kwa kiasi, ukikumbuka hesabu ya hapo juu, kisha upake rangi ya mafuta pande zote mbili na kingo zote nne. Rangi haizuii unyevu, huuchelewesha tu, lakini ukipaka upande mmoja pekee, upande mtupu utakunywa haraka zaidi na mlango utapinda.

Mbao mpya ni shauri jingine. Mkaratusi, au blugamu, hukatwa shambani na kuuzwa ungali mbichi. Omba kipande, kipime kwenye mizani ya duka, kikaushe juu ya jiko kwa moto mdogo mpaka uzito uache kushuka. Gramu 260 zikiwa 200, maji yalikuwa 60, sawa na asilimia 30 ya uzito mkavu. Mbao hiyo bado haijaanza kusinyaa. Ipange kivulini, juu ya mawe, na vijiti kati ya ubao na ubao, kwa miezi kadhaa.

Na leo jioni, pitisha kioo kidogo chini ya mlango wako. Ukiona mbao tupu, paka rangi hapo kwanza: ncha za mirija hunywa maji kwa kasi kuliko sehemu nyingine yoyote ya ubao.