Somo kwa Vikundi: Mtoto Aliye Kimya, Anza na Miguu

Mwalimu wa nasari akisema, "Huyu ni mpole, hata hasumbui," tusifurahi haraka. Mtoto asiyeweza kupaza sauti darasani, ataipaza vipi siku mtu mzima atakapomshika vibaya kwenye ngazi za ploti?

Hapa Eastlands wengi wanalelewa kwenye chumba kimoja. Ukuta ni mabati, jirani amelala mchana maana ni bawabu wa usiku, basi mtoto anaambiwa nyamaza, keti. Akifika nasari anabanwa tena kwenye benchi. Kifua kikibanwa pumzi ni fupi, na sauti ni pumzi. Ukimwambia tu "sema kwa nguvu" atazidi kujikunja.

Kwa hivyo sogezeni benchi ukutani, ama mtoke nje. Waambie: tumebeba mtungi wa maji wa lita 20. Magoti yakunjike, watembee polepole. Sasa mwenye mtungi awasalimie wenzake. Sauti itatoka nzito yenyewe. Halafu wawe vifaranga, wakimbie kwa ncha za vidole, na sauti iwe nyembamba.

Mchezo wanaoupenda sana ni wa matatu. Mmoja ni makanga, mkono juu, anaita abiria wa Umoja, Kayole, Dandora. Akishusha mkono pole pole, sauti nayo ishuke mpaka mnong'ono. Hapo anaonja kwamba sauti ni yake, anaipandisha na kuishusha mwenyewe. Mmalizie na neno "Sitaki!", mguu upige chini, kiganja mbele. Mara ya kwanza watacheka tu. Waacheni wacheke.

Akijibu kwa Kijaluo, Kikamba ama Sheng, msimkate. Leo tunatafuta sauti, sarufi itakuja. Asiyetaka apige makofi pembeni, asilazimishwe. Dakika 10 zatosha. Koo likikwaruza, mpe maji na apumzike.

Lakini yule asiyegeuka ukimwita kutoka nyuma, ama sikio linatoa usaha, mama yake aambiwe ampeleke kliniki kwanza. Ni wangapi tumewaita wakaidi, kumbe hawasikii!

Mkianza, chagueni mtoto aliye kimya kuliko wote. Kila Ijumaa mwandike kwenye daftari la kikundi alichosema wiki hiyo, hata kama ni neno moja.