Siri ya Sikio la Ndani



Mdogo wangu alipokuwa na umri wa miaka mitano alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini tangu siku hiyo hasikii. Likizo iliyopita mama aliniuliza, "Wewe unayesoma sayansi, je, haiwezekani kumwotesha sikio jingine?" Sikuwa na jibu. Niliporudi shuleni nilisoma habari hizo, na haya ndiyo niliyoyapata.

Sikio tunaloliona si sikio lote. Ndani kabisa, katikati ya mfupa mgumu wa kichwa, limo sikio la ndani. Sehemu yake moja, koklea, imejiviringa mfano wa nyumba ya konokono, nayo ni ya kusikia. Sehemu ya pili hutuwezesha kusimama na kutembea bila kuyumba. Ndani ya koklea mna chembe zenye vinyweleo zipatazo 15,000. Sauti ikivitikisa vinyweleo hivyo, chembe hupeleka habari kwenye ubongo. Kuku akipoteza chembe zake humwotea nyingine. Za mwanadamu zikifa, basi. Nazo huuawa na makelele makubwa, uzee, maradhi, na hata dawa nyingine kama streptomisini.

Ili kujua namna ya kuziotesha upya, sharti kwanza tujue zinavyoumbika. Hapo ndipo penye shida, maana kazi hiyo hufanyika tumboni mwa mama. Katika wiki ya nne ya mimba, ngozi changa ya kila upande wa kichwa hunenepa, hubonyea kama kishimo, kisha hujifunga ikawa kifuko. Kifuko hicho ndicho mwanzo wa sikio la ndani. Wataalamu walijifunza mengi kwa panya na kuku, lakini hao si watu.

Njia ilifunguka kwa chembe-shina. Hizi ni chembe ambazo bado hazijapewa kazi: zaweza kuwa ngozi, moyo au ubongo. Mwaka 2007 Shinya Yamanaka wa Japani na wenzake walionyesha kwamba hata chembe za ngozi ya mtu mzima zaweza kurudishwa katika hali hiyo.

Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Indiana, Karl Koehler, Eri Hashino na wenzao walifaulu mwaka 2013 kwa chembe-shina za panya, na mwaka 2017 kwa za binadamu. Walizikusanya chembe hata zikawa donge dogo, wakaliweka katika maji yenye chakula, kisha wakalitilia dawa za kuziamuru chembe, kila moja kwa siku yake, wakifuata utaratibu wa tumboni. Vikatokea vifuko, na baada ya miezi miwili hivi, chembe zenye vinyweleo pamoja na chembe za fahamu. Donge la namna hii huitwa oganoidi.

Walakini chembe zile zilifanana zaidi na za sehemu ya kutuzuia tusiyumbe. Mwaka 2023 kundi la Hashino lilitangaza kwamba, kwa kubadili amri na wakati wa kuzitoa, limepata chembe zinazofanana na za koklea.

Faida yake ni nini? Sasa mtaalamu aweza kuharibu jeni moja katika chembe-shina, akatazama ni hatua gani ya sikio inayokosea. Aweza pia kujaribu dawa kwenye donge kabla ya kumpa mgonjwa.

Basi jibu la mama ni hili: bado. Oganoidi haina umbo kamili la sikio, wala si kitu cha kumpandikizia mtu akasikia. Ni dirisha la kuchungulia mahali palipokuwa gizani. Aliyetaka kutengeneza saa sharti kwanza aone magurudumu yake.

Wakati huo huo mdogo wangu anasoma kwa lugha ya alama, nami najifunza. Likizo ijayo nitamweleza habari hizi zote kwa mikono yangu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne