Kusikia na Kusikiliza

Leo nataka tutazame vitendo viwili ambavyo watu wengi huvidhani kuwa kimoja. Kusikia ni kazi ya sikio. Lori likipita barabarani walisikia, upende usipende. Kusikiliza ni kazi ya mtu mwenyewe: huacha alilokuwa akilifanya, hutega sikio, akampa mwenzake nafasi. Kiswahili chalipanga jambo hili vizuri sana. Katika kusikia twapata kusikiliza, na katika kusikiliza twapata kusikilizana, yaani kupatana. Ukisema, "Wale ndugu wawili hawasikilizani," huna maana kwamba ni viziwi. Wasema wana ugomvi. Na Kirundi chetu nacho kina kwumva na kwumviriza. Basi hatuna udhuru wa kuyachanganya.

Mbona basi twashindwa? Si kwa ubaya wa moyo tu. Mwaka 1957 Ralph Nichols, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, pamoja na mwenziwe Leonard Stevens, walieleza kwamba Mmarekani wa kawaida husema maneno kama 125 kwa dakika, lakini akili yaweza kwenda upesi kupita hapo. Kwa hiyo msikilizaji hubakiwa na nafasi. Akili yake ni kama mtu aliyefika mapema kituo cha basi: haketi akangoja, huenda kuzurura sokoni, na arudipo basi limekwisha ondoka. Waliona pia kwamba mtu wa kawaida, mara tu baada ya kusikiliza hotuba, hukumbuka kama nusu ya aliyoyasikia, hata akiwa alidhani anasikiliza kwa makini.

Kuzurura kubaya kuliko kote ni kutunga jibu. Mwenzako bado yu katikati ya maneno yake, nawe umekwisha shika neno moja na kulijengea hotuba yako. Najua, maana nilifanya hivyo nilipokuwa mwanafunzi. Mwenzangu wa bweni, ambaye kitanda chake kilikuwa jirani na changu, aliniambia jioni moja, "Barua ya nyumbani imefika. Mzee haendelei vizuri." Mara nikamrukia. Hata baba yangu aliugua malaria mwaka uliopita, akapewa dawa, akapona. Nikamsimulia habari yote, ya zahanati na ya mvua iliyotunyeshea njiani. Akatikisa kichwa, akasema, "Mungu ni mkubwa," akajifunika blanketi.

Muhula uliofuata kitanda chake kilikuwa kitupu. Baada ya miezi kadha aliniandikia barua, bila kunilaumu, kwamba usiku ule alitaka kuniomba nifuatane naye asubuhi kwa mkuu wa shule, kueleza kwamba baba hawezi tena kulipa karo. Peke yake aliona haya. Huenda mkuu asingekubali, lakini hakuulizwa. Mimi nililijibu neno la kwanza, na la pili, ambalo ndilo lenyewe, halikupata mlango wa kutokea.

Hivyo ndivyo watu wanavyosema: jambo zito halitangulii. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walitoa habari ya mazungumzo 74 ya madaktari na wagonjwa waliyoyachunguza. Ni katika 17 tu mgonjwa alipomaliza kueleza yote yaliyomleta. Daktari alipomkatiza, kwa wastani ilikuwa baada ya sekunde 18. Na shida aliyoitaja mgonjwa kwanza haikuwa lazima iwe ndiyo kubwa. Ikiwa mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza hufanya hivyo, sisi tunaozungumza kwenye foleni ya chakula tufanyeje?

Wazee wetu walikuwa na utaratibu wao. Bashingantahe walipoketi kuamua shauri la mpaka wa shamba, au la ndugu waliogombana, walimwacha mlalamishi aseme, kisha mshitakiwa naye aseme, na mashahidi wakasikiwa. Ndipo wazee walipojitenga kando kushauriana, wakarudi na uamuzi. Kusikiliza kulikuwa na wakati wake na kujibu kulikuwa na wakati wake, na katikati watu waliinuka wakaenda mahali pengine kabisa. Sisi hatuwezi kwenda nyuma ya mti kila rafiki atuambiapo neno, lakini twaweza kuvuta pumzi mbili tukiwa kimya. Mara nyingi katika kimya hicho ndimo neno la pili hutokea.

Likitokea, lirudishe kwa ufupi: "Kumbe si ugonjwa tu, ni karo pia?" Ukikosea, mwenzako atakusahihisha, na hapana hasara. Usiyarudie maneno yake yote kama kasuku. Hayo humchosha mtu. Wala kuitikia "eeh, eeh" huku macho yako yamo kitabuni, au siku hizi katika simu, si kusikiliza. Bibi yangu alikuwa na dawa ya hayo: alikata hadithi ghafula, akauliza, "Sungura yuko wapi sasa?" Asiyejua hakupata mwisho wake.

Zoezi la juma hili lafanywa na watu wawili wawili. Mmoja aseme kwa muda wa dakika tatu juu ya jambo limsumbualo kweli, si la kutunga. Mwenziwe asiseme habari yake mwenyewe hata moja, wala asitoe shauri. Dakika zikiisha aeleze alichokisikia, na msemaji ndiye atakayempa alama. Kisha mbadilishane. Mtaona kwamba dakika tatu ni ndefu kuliko mnavyodhani. Saa ishikwe na mtu wa tatu, kwa sababu ikiwa mkononi mwa msikilizaji, ataitazama.