Ndege Ikifutwa Songwe: Usiondoke Kaunta Mikono Mitupu

Ndege ikifutwa uwanja wa Songwe, abiria wa Mbeya mjini hutafuta usafiri akarudi kwake akalala. Aliyetoka Kitandililo ameshalipa bodaboda mpaka Makambako, akapanda kosta ya kupitia Igawa na Chimala, akapigana na foleni ya kuanzia Uyole, kisha akatafuta gari jingine la kumfikisha uwanjani. Karibu kilomita 200 ziko nyuma yake. Usiku huo anahitaji gesti na chakula, na kama ana miadi hospitali ya Muhimbili kesho yake, anahitaji pia nauli ya basi la Dar es Salaam. Hasara yake ni kubwa kuliko ya jirani waliyekaa naye kiti kimoja pale ukumbini. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya sheria ya anga hulipa hasara iliyothibitishwa, yeye ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kutunza vikaratasi.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo abiria wengi huyadai kwa pamoja, wakaishia kukosa yote. Kuna kurudishiwa nauli au kupangiwa ndege nyingine: shirika limeshindwa kukusafirisha, basi likupe ndege nyingine au likurudishie fedha za safari ambayo hukusafiri. Kuna huduma wakati wa kusubiri: maji, chakula, simu, na malazi ikibidi ulale. Halafu kuna fidia, yaani malipo ya usumbufu au hasara uliyoipata. La kwanza halitegemei sana nani mwenye kosa. La tatu hutegemea sana. Anayefika kaunta akapiga kelele "Nataka fidia!" huku hajaomba nafasi katika ndege ya kesho, atazungushwa, na ndege ya kesho itajaa watu waliokuwa wapole.

Kwa hiyo ukisikia tangazo, omba nafasi nyingine papo hapo. Kisha uliza sababu, na uiombe kwa maandishi: barua fupi, baruapepe au hata ujumbe wa simu kutoka kwa shirika. Maelezo ya mdomo kwamba kuna "sababu za kiuendeshaji" hayana uzito. Ukungu ni sababu ya kweli kule Songwe, na hakuna atakayemlaumu rubani kwa kutotua asipoona njia; fidia ya ukungu ni ngumu kuipata popote duniani. Hitilafu ya ndege yenyewe ni jambo jingine. Mwaka 2022 Air Tanzania ilitangaza hadharani kwamba baadhi ya ndege zake za Airbus A220 zimesimama kwa matatizo ya injini, na ratiba ikapanguka. Tatizo la aina hiyo halikutokana na uzembe wa mtu wa kaunta, lakini ndege zikishajulikana kuwa zimesimama, swali la haki huwa hili: shirika lilifanya nini kupunguza adha? Lilimtaarifu abiria mapema, au liliendelea kuuza viti vya ndege isiyoruka?

Kabla ya kutoka uwanjani, piga picha ubao wa ratiba ukionyesha safari imefutwa. Piga picha tiketi na bodingi pasi, usizitupe. Andika saa uliyotangaziwa. Kama shirika halikutoa chakula wala malazi, sema kwa ujumbe kwamba umeomba na hukupewa, kisha ujigharamie kwa kiasi cha kawaida. Gesti ya heshima Mbalizi inaeleweka. Hoteli ya kitalii wataikataa. Dai risiti. Bodaboda na mama ntilie hawatoi risiti, basi walipe kwa simu, kwa lipa namba au kwa kuwatumia moja kwa moja, maana ule ujumbe wa muamala una tarehe, saa na kiasi. Usiufute.

Kama huwezi kusubiri kesho, mabasi yanasafiri usiku tangu marufuku ilipoondolewa Oktoba 2023, na kutoka Mbeya unaweza kuamkia njiani kuelekea Dar. Lakini usiondoke kimya. Ukiondoka bila kuacha taarifa, mfumo utakuandika kama abiria ambaye hakutokea, na mashirika mengi yakikuandika hivyo hufuta na vipande vilivyobaki vya tiketi, pamoja na cha kurudi. Pata uthibitisho kwamba safari imefutwa na wao, kisha panda basi, tiketi ya basi ukiitunza pamoja na zile risiti.

Jambo ambalo huwaumiza watu wetu zaidi hutokea wiki kadhaa kabla ya safari, dukani kwa wakala. Wakala anakukatia tiketi akajaza namba yake ya simu na baruapepe yake. Shirika likibadilisha ratiba, taarifa inaingia kwake. Yeye yuko msibani au amezima simu, nawe unaondoka Kitandililo alfajiri kuwahi ndege iliyofutwa juzi. Simama pale mezani uone namba yako ikiandikwa. Chukua namba ya bukingi, zile herufi na tarakimu sita, uangalie safari yako mwenyewe siku moja kabla. Na soma saa vizuri: tiketi ikisema 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi, ikisema 19:30 ni saa moja na nusu usiku. Wapo waliofika uwanjani jioni kwa ndege ya asubuhi, na hapo hakuna sheria ya kuwaokoa.

Jingine la dukani ni tiketi moja au mbili. Tuseme mfanyabiashara wa Makambako anakwenda Guangzhou kununua mzigo, au mgonjwa anapelekwa Mumbai kutibiwa. Wakala anaweza kumkatia Songwe mpaka Dar kivyake, kisha Dar mpaka nje kivyake, kwa kuwa imeonekana nafuu kidogo. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina habari naye: kwake ni abiria aliyechelewa. Safari yote ikiwa katika bukingi moja, shirika lililouza tiketi linawajibika kukufikisha mwisho wa safari. Zaidi ya hapo, kipande cha Songwe hadi Dar huhesabika kisheria kuwa sehemu ya safari ya kimataifa, na mkataba mkubwa kuliko kanuni za ndani unakulinda tangu Songwe. Basi la Makambako halimo katika bukingi yoyote. Likiharibika Chimala, ndege haitakungoja na haitakulipa, kwa hiyo kwa safari ya nje ya nchi ni heri ulale Mbeya.

Mkataba huo ni wa Montreal wa mwaka 1999, na Tanzania ilijiunga nao mwaka 2003. Unasema shirika linawajibika kwa hasara inayotokana na ucheleweshaji, isipokuwa lithibitishe kwamba lilichukua hatua zote zinazostahili kuepusha hasara hiyo au kwamba haikuwezekana kuzichukua. Angalia mzigo wa kuthibitisha uko kwa nani: kwa shirika. Kikomo cha malipo ya ucheleweshaji kwa abiria mmoja, tangu Desemba 28, 2024, ni SDR 6,303. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na moja huzidi dola moja ya Marekani. Hicho ni kikomo, si zawadi. Ukithibitisha hasara ya shilingi 180,000, utalipwa 180,000. Tiketi ya kwenda na kurudi inayoanzia na kuishia Tanzania imo ndani ya mkataba hata kama nchi unayokwenda haijajiunga, na kwa tiketi ya namna hiyo unaweza kufungua shauri hapa hapa Tanzania. Huhitaji kumfuata mtu Dubai.

Begi lina saa yake. Likifika limeharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Likipita siku 21 halijaonekana, lichukulie limepotea na udai. Kikomo ni SDR 1,519. Jaza fomu ya PIR, yaani taarifa ya begi lililopotea, kuchelewa au kuharibika, kabla hujatoka uwanjani, na kile kistika cha begi walichokupa kaunta usikitupe. Fedha, dawa na vyeti visiingie kwenye begi la chini.

Wenye ndugu Ulaya wana bahati ya pekee. Umoja wa Ulaya una kanuni namba 261 ya mwaka 2004, ambayo haikuulizi umepata hasara gani, hulipa kiwango. Kwa safari ndefu kama kati ya Ulaya na Tanzania, ndege ikifika kwa kuchelewa saa nne au zaidi, au ikifutwa huku umepewa taarifa chini ya siku 14 kabla, kiwango ni euro 600, isipokuwa shirika lionyeshe kwamba sababu ilikuwa ya ajabu isiyoepukika, au kwamba lilikupangia ndege nyingine ya muda unaokaribiana. Kuchelewa kati ya saa tatu na nne hupunguza kiwango hicho hadi nusu. Kanuni hii hushika safari yoyote inayoondoka Ulaya, kwa shirika lolote, na safari ya kwenda Ulaya ikiwa shirika ni la Ulaya. Kwa mfano, ukitoka Dar kwa KLM kwenda Amsterdam, umo. Ukitoka Dar kwa shirika la Ghuba kwenda huko huko, humo. Ukirudi kutoka Amsterdam kwa shirika hilo hilo, umo. Uingereza ilibaki na sheria kama hiyo baada ya kujitoa, na kiwango chake cha juu ni pauni 520. Huduma ya chakula na malazi huko haifi hata kwa majanga: volkano ya Iceland ilipofunga anga mwaka 2010, mahakama ya Ulaya ilikuja kuamua mwaka 2013 kwamba abiria walistahili kulishwa na kulazwa. Kampuni za kudai kwa niaba yako zipo na hukata sehemu nzuri ya fedha. Fomu za mashirika hujazwa bure. Mwombe kijana wa nyumbani akusaidie.

Kwa safari za ndani, anzia kwa shirika lenyewe, kwa maandishi. Barua isiwe ndefu wala ya matusi. Inatosha hivi:

"Nilikuwa abiria wa safari namba … ya tarehe …, Songwe kwenda Dar es Salaam, tiketi namba …. Ndege ilipangwa kuondoka saa 13:40. Saa 15:05 tulitangaziwa imefutwa kwa sababu ya …. Niliomba nafasi katika ndege iliyofuata nikaambiwa imejaa. Sikupewa chakula wala malazi. Naomba nirudishiwe nauli Sh …, na gharama zifuatazo: gesti Sh …, chakula Sh …, basi la Mbeya hadi Dar Sh …. Vielelezo vimeambatanishwa. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14."

Kama nauli uliilipa kupitia wakala, mpe nakala na yeye, maana fedha nyingi za kurudishwa hukwama mezani kwake. Usikubali vocha ya safari nyingine kwa haraka kama unachotaka ni fedha. Mtu anayepanda ndege mara moja kwa miaka kadhaa hana kazi na vocha inayokwisha muda.

Shirika lisipojibu, au likijibu kwa maneno matupu, peleka malalamiko Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ambayo makao yake yako Ukonga Banana, Dar es Salaam. Ambatanisha barua ya kwanza na kilicholetwa kama jibu. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, TCAA-CCC, lililoundwa kusimama upande wa mtumiaji. Mtu wa Kitandililo asiye na wakili aanzie kwao kuomba mwongozo. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka hukata rufaa Baraza la Ushindani.

Vikaratasi vyote viweke ndani ya bahasha moja, na picha zake mtumie ndugu kwa WhatsApp ili simu ikipotea visipotee navyo. Kwa safari ya kimataifa, shauri lisilofunguliwa mahakamani ndani ya miaka miwili tangu siku ndege ilipofika, au ilipotakiwa kufika, halisikilizwi tena.