SHERIA ZA DARASA NA SONI YA MTOTO

Mara nyingi twasikia wazee wakilalamika ya kuwa tangu fimbo kuondolewa skulini watoto hawasikii tena. Fimbo iliondolewa na serikali ya Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, ikatia mkazo: mwenye kumpiga mwanafunzi au kumtesa kwa maneno hustahiki faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Juu ya hayo, bakora zingali zikilia katika madarasa mengi. Sababu yake si ukatili wa walimu peke yake. Mwalimu ameondolewa kitu mkononi, wala wengi hawakuonyeshwa cha kushika badala yake, na huku pengine ana watoto 50 au 60 mbele yake. Somo letu la leo lahusu hicho cha kushika.

Haja hii si mpya. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alieleza kuwa mwanafunzi alelewaye kwa ukali hunyongeka moyo na kuwa mvivu, akajifunza uwongo na hila ili mkono usimfikie, hata hila ikawa ndiyo tabia yake. (Na vyuo vyetu navyo vimo, mtu asidhani maneno haya ni ya skuli tu.)

Tutazame Marani, katika vilima vya Kisii, kwenye migomba na chai. Walimu kutoka Kisii tunao hapa kwetu pwani wakisomesha wana wetu, basi mfano huu si wa mbali. Mtoto wa Kigusii aingiapo darasa la kwanza haji mtupu. Nyumbani amekwisha kufundishwa chinsoni, yaani taratibu za heshima baina ya kizazi na kizazi: nani huamkiwa vipi, neno gani halisemwi mbele ya baba, jambo gani mtu hulionea haya. Neno hilo ni ndugu wa "soni" yetu ya Kiswahili. Na taratibu hizo hazikubandikwa ukutani. Mtoto amezishika kwa kuwa amemwona baba yake naye akizishika mbele ya wazee wake.

Sasa linganisha na ile sheria mashuhuri ya skuli nyingi za Kenya zamani, ya kumvika kibao mtoto aliyesema lugha ya mama yake. Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986. Mwenye kibao alimtafuta mwenziwe atakayeteleza ulimi ili ampe yeye, na jioni wote waliokishika wakaadhibiwa. Watoto walijifunza nini hapo? Walijifunza kupeleleza. Sheria ilikuwako, na adabu ikaharibika.

Basi mwalimu wa darasa la pili huko Marani afanyeje? Wiki ya kwanza ya muhula asije na karatasi aliyokwisha kuiandika. Awaulize watoto: ni kitu gani kinachotuzuia kujifunza humu? Watasema wenyewe: kelele, kunyang'anyana penseli, kumcheka aliyekosea. Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwani mtoto aliyechekwa mara moja hainui mkono tena mwaka mzima. Maneno yao ayakusanye yawe manne au matano, yasizidi, maana mtoto wa miaka saba hachukui kumi kichwani. Kisha ayageuze yaseme la kufanywa. "Usipige kelele" haimwambii mtoto afanye nini. "Mmoja akisema, sisi twasikiliza" yamwambia. Yaandikwe kwa lugha wanayoielewa, Ekegusii huko, Kiswahili Mombasa, na watoto wachore picha kando ya kila neno kwa ajili ya wasiojua kusoma bado. Halafu waigize: mmoja aombe penseli vizuri, mwingine ainyakue, na wenzao waseme lipi ndilo. Watacheka sana, na kicheko hicho hakina ubaya wowote.

Na atakayevunja? Malipo yatokane na kosa lenyewe. Aliyemwaga maji ayapanguse. Aliyenyang'anya arudishe, kisha aombe upya. Kumpigisha magoti mtoto kwa sababu ya maji yaliyomwagika hakukaushi sakafu.

Kuchelewa kwataka fikira zaidi. Njia za Marani ni za kupanda na kushuka, na mvua ikinyesha udongo huteleza. Mtoto mdogo aweza kutoka kwao mapema na bado akakuta kengele imelia. Kumfungia mlango ni kumnyima lile somo alilolifuata kwa miguu. Afadhali darasa lipatane hivi: mwenye kuchelewa aingie taratibu, aketi, amwulize jirani yake kwa sauti ndogo wamefika wapi, na sababu aeleze wakati wa mapumziko. Na siku mwalimu mwenyewe atakapochelewa, aingie vivyo hivyo, na aliombe radhi darasa zima.