Andamana, ila picha ya mdogo wako iache

Z.K. wa Kisauni, mwanangu,

Barua yako nimeisoma taratibu. Unataka kujiunga na maandamano ya kupinga mauaji ya wanawake, mkononi bango lenye picha ya mdogo wako anayepigwa na mumewe. Mama amekataa, anasema unaivua nguo familia hadharani. Hasira yako naielewa. Woga wa mama nao si wa bure.

Kuandamana

Ni haki yako. Ibara ya 37 ya Katiba ya Kenya inakuruhusu, mradi uende kwa amani na bila silaha. Januari 27, 2024 maelfu walijaa barabarani Nairobi, Mombasa na kwingineko. Lakini Desemba 10 mwaka huohuo, jijini Nairobi, polisi waliwarushia waandamanaji vitoa machozi. Basi vaa raba, nenda na wenzako, na mtu nyumbani ajue uliko.

Ile picha

Hapa nakukatalia. Bango litapigwa picha, na kabla ya magharibi shemeji yako atakuwa ameshaliona kwenye simu yake. Wewe utalala kwenu. Mdogo wako atalala wapi? Halafu, katika barua nzima sijaona mahali yeye mwenyewe alipokubali. Mwenye kidonda ndiye anayechagua wa kumwonyesha.

Kumtoa

Usimshinikize aondoke leo kwa ghafla. Siku za kuachana, na zile zinazofuata, mara nyingi ndizo za hatari zaidi. Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda, alichomwa moto Septemba 2024 huko Trans Nzoia na mwanamume ambaye walikuwa wameshaachana naye.

Kwa hiyo mjipange kimyakimya. Kitambulisho chake, vyeti vya watoto na nguo chache zihamie kwako kidogo kidogo. Namba ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, 1195, hupigwa bure, usiku na mchana, ikaririni. Akipigwa tena, atibiwe, aripoti kituoni apewe namba ya OB (kitabu cha matukio), na daktari amjazie fomu ya polisi ya P3. Askari akiwaambia mkayamalize nyumbani (wapo wa namna hiyo), msiondoke; ulizeni dawati la jinsia. Chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani, mahakama inaweza kumpiga mume marufuku kumkaribia.

Na mama usibishane naye kuhusu aibu. Muulize kama chumba cha uani kiko wazi, na kama kitasa chake kinafunga.