SOMO: Msitu wa mikoko unafundisha nini koperative ya milimani?

Ndugu wakulima, mikoko ni miti inayoota kwenye matope ya bahari, pale maji ya chumvi yanapanda na kushuka kila siku. Kwetu Bibokoboko haiko. Lakini inchi yetu iko nayo: huko Muanda, mto Kongo unapoingia baharini, Serikali ilitenga hifadhi ya mikoko mwaka 1992. Leo tujifunze kwa Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, juu ya pale wanakijiji wenyewe wanaongoza wageni.

Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa sana kwa kuni za viwanda. Miaka ya 1990 watu wakaanza kupanda upya. Sasa kikundi cha wanawake kiko na njia ya mbao ndani ya msitu: mgeni analipa, anatembea, anaelezwa. Tena, mradi wa Mikoko Pamoja ulianza 2013 kuuza kaboni inayotunzwa na miti. Pesa zimeleta maji na vitabu vya shule.

Mgeni anaonyeshwa nini?

- Mkoko: mizizi yake imesimama kama miguu. Mbegu inachipua ikiwa bado juu ya mti, kisha inaanguka.
- Mchu: mizizi inatokea juu ya matope kama kalamu, ipate hewa. Majani yanatoa chumvi, ukilamba utaisikia.
- Mkandaa: maganda yake yanatoa rangi na yanatengeneza ngozi.
- Kaa: anakula majani, na mashimo yake yanapitisha hewa mpaka kwenye mizizi.
- Samaki wadogo: wanajificha kati ya mizizi mpaka wakomae. Matete ya ziwa Tanganyika yanafanya kazi ileile.

Muangalie vizuri: mgeni halipi kwa kuona mti tu. Analipa kwa sababu kuna mutu anayejua jina lake, kazi yake na nani anaishi kwake.

Na sisi?

Tusidanganyane: juu ya usalama, watalii hawafiki kwetu. Lakini ujuzi haungoji mtalii. Kila mara msitu wa chanzo cha maji unageuka makala, maji yanapungua, udongo wa shamba unateremka, na majina ya miti yanaenda na wazee wetu.

Kazi kabla ya mkutano ujao

Watu watano watano waende na mzee mmoja kwenye chanzo cha maji. Waandike mimea kumi, na kwa kila mmoja wajibu:

1. Jina lake ni nani?
2. Unafanya kazi gani: dawa, asali, kushika udongo?
3. Ndege au nyama gani anautegemea?

Daftari libaki kwa sekretere. Mti wenye mzee peke yake ndiye anaujua, ama wenye umebaki mmoja tu, tuuwekee alama. Ndio wa kwanza kutafutia mbegu kwa kitalu chetu.